Mkutano wa Mtaa na Mtu wa Kalamu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Dar es Salaam. Yapigwa chapa hapa kwa faida ya wale ambao kwa sababu ya kazi hawakuweza kuhudhuria.)



Kamati ya chama chetu imenipa heshima ya kusema nanyi jioni hii juu ya habari za serikali ya mji wetu, na juu ya shughuli za mwaka ambazo wakazi yawapasa kuzijua mapema. Nimekubali kwa furaha, ingawa najua ya kuwa baadhi yenu mtajiuliza: Sisi tulio watumishi wa Serikali, tushindao mchana kutwa katikati ya majalada, tuna haja gani ya kuelezwa habari za serikali? Jawabu langu ni hili. Serikali tuitumikiayo mchana twaijua sana. Lakini ile itungojayo jioni tukisharudi majumbani, yaani serikali ya mtaro, ya taka, ya soko na ya shule ya mtoto, aghalabu hatuijui. Neno nitakalo kuwaachia ni moja tu: mlango wa serikali hiyo ni mkutano wa mtaa, na katika mkutano huo mtu wa kalamu haonekani.

Nianze na asili ya mambo. Zamani za Waingereza mji huu uliendeshwa na maofisa, ukagawanywa kwa sehemu tatu ambazo watu waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Baraza la Manispaa lilianza mwaka 1949. Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, yule mshairi mashuhuri. Huyu alikuwa na diwani yake ya mashairi kabla ya kuongoza madiwani wa mji. Na tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya Uhuru, mji ukapewa cheo cha Jiji.

Walakini cheo si kazi. Mwaka 1972 Serikali iliamua kupeleka madaraka mikoani, na mabaraza yaliyochaguliwa na watu yakavunjwa. Nia ilikuwa njema, maana ilitakwa maendeleo yasogee karibu na mwananchi. Lakini mijini matokeo yalikuwa mengine: huduma zilidhoofika, taka zikalundikana, na kipindupindu kikazuka. Mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa, na mwaka 1982 zikatungwa sheria za serikali za mitaa, Namba 7 kwa wilaya na Namba 8 kwa miji, ambazo ndizo msingi wa mabaraza tuliyo nayo. Tena Katiba ya nchi, katika ibara za 145 na 146, yaeleza kwamba serikali za mitaa zimewekwa ili madaraka yawafikie wananchi.

Nimeyataja hayo si kwa kupenda historia tu. Nimeyataja ili tukumbuke ya kuwa mji wetu umewahi kukaa bila baraza, na tuliona ilivyokuwa. Baraza la mji ni kama paa la nyumba: watu hawalisemi mpaka siku linapovuja.

Sasa niwaeleze milango ya kubisha hodi, maana wengi hupoteza siku nzima wakisimama mbele ya mlango usio wao. Mkoa wa Dar es Salaam una halmashauri tano. Kwa miaka mingi tulikuwa na manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke; kisha zikaongezwa Ubungo na Kigamboni. Juu ya hizo lilikuwapo Baraza la Jiji, lakini lilivunjwa tarehe 24 Februari 2021, na manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo akaaye Kariakoo, Buguruni au Gongo la Mboto, mlango wake ni Jiji. Akaaye Magomeni au Mwananyamala, mlango wake ni Kinondoni. Wa Mbagala na Tandika, Temeke. Wa Sinza, Manzese na Kimara, Ubungo. Na wa ng'ambo ya kivuko, Kigamboni. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha wakazi 5,383,728 katika mkoa huu. Watu wengi namna hiyo hawawezi kuhudumiwa kwa mlango mmoja, wala kwa kukisia.

Tena si kila shida ni ya halmashauri. Bomba likipasuka, mwenye kazi ni DAWASA. Waya wa umeme ukianguka, ni TANESCO. Barabara za ndani ya mji zipo mikononi mwa TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, na barabara kuu zi mikononi mwa TANROADS. Usafi, masoko, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, zahanati na shule za msingi, hayo ndiyo ya halmashauri. Mtu ajuaye haya hutumwa na jirani zake, na hurudi na jawabu.

Chini ya halmashauri iko kata, yenye diwani wake aliyechaguliwa. Chini ya kata uko mtaa, wenye mwenyekiti aliyechaguliwa na wakazi na mtendaji aliyeajiriwa. Wenyeviti wa mitaa walichaguliwa tarehe 27 Novemba 2024, na muhula wao ni wa miaka mitano. Mwenyekiti hashindi peke yake na mhuri. Anayo kamati ya mtaa, na zaidi ya kamati upo mkutano wa wakazi wote waliotimiza miaka kumi na minane. Hapo ndipo wakazi husomewa mapato na matumizi, hapo ndipo husema ni nini kitangulie, na hapo ndipo huuliza. Ombi la mtaa huandikwa, likapanda kwenye kata, likapanda halmashauri, likaingia katika bajeti. Ombi ambalo halikuandikwa katika muhtasari wa mtaa ni kama mtoto asiyeandikishwa: yupo, watu wamwona, lakini ofisini hana jina.

Mabibi na Mabwana, naomba tuseme kweli. Tangazo la mkutano likibandikwa, nani huhudhuria? Huja mama muuza vitumbua, kwa kuwa maji ya mvua huingia jikoni kwake. Huja mzee aliyestaafu. Huja kijana wa bodaboda atakaye kujua habari za mikopo. Lakini karani, mwalimu, mganga na mhasibu hawaji. Mmoja amelala kwa uchovu wa juma zima. Mwingine yuko kwenye kikao cha harusi.

Na hapo kwenye harusi nataka tusimame kidogo. Sisi watu wa mji huu twajua sana kuendesha kamati. Kikao cha harusi kina mwenyekiti, katibu na mhazini. Ahadi huandikwa kwa majina. Mhazini husoma michango mpaka shilingi ya mwisho, na akikosea hesabu ya kreti moja ya soda wajumbe kumi humsahihisha kwa pamoja. Asiyetoa ahadi yake hukumbushwa kila asubuhi kwa simu. Basi twashindwaje kufanya hivyo kwa mtaro ambao utatutumikia miaka ishirini, sisi tuwezao kufanya hivyo kwa karamu ya usiku mmoja? Hatukukosa elimu wala hatukukosa muda. Tumekosa kuamini ya kwamba fedha zinazosemwa katika mkutano wa mtaa ni zetu.

Imani hiyo ilipungua kwa sababu nyingi, nami nadhani moja ni hii: kodi zimekuwa hazionekani. Zamani mtu mzima alilipa kodi ya kichwa, akapewa stakabadhi, akaitia mfukoni, na askari wa kodi akimsimamisha njiani aliionyesha. Ilikuwa adha, na wengi walilala porini kwa kuikimbia. Kodi ya maendeleo, iliyorithi mahali pake, ilifutwa mwaka 2003, na hakuna aliyeililia. Lakini pamoja na adha yake, stakabadhi ile ilimkumbusha mtu kila siku kwamba ametoa. Siku hizi twatoa pasipo kujua. Mwaka 2021, kuanzia mwezi wa Agosti, kodi ya majengo ilianza kukatwa pamoja na umeme wa LUKU, na mpangaji anunuaye umeme ndiye akatwaye kwanza, ingawa mdaiwa ni mwenye nyumba. Ushuru wa soko umo ndani ya bei ya fungu la mchicha. Ushuru wa huduma na leseni ya duka vimo ndani ya bei ya sabuni. Hakuna mkazi wa mji huu, hata awe maskini namna gani, asiyechangia. Kwa hiyo aulizaye matumizi ya fedha za mtaa haombi hisani. Auliza habari za mali yake.

Niwape mfano wa jambo lililo zito kwetu sote, nalo ni maji ya mvua. Mnamo Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya arobaini katika mji huu, na wakazi wa mabondeni wakapelekwa Mabwepande kupewa viwanja. Tangu hapo tumeona mara nyingi maji ya Mto Msimbazi yakijaa Jangwani na Barabara ya Morogoro ikifungwa. Hata karakana ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, imewahi kuzama, maana ilijengwa katika bonde lile lile. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa Bonde la Msimbazi. Mradi mkubwa kama huo una mambo mengi ambayo mkazi lazima ayasikie mapema: mipaka, tathmini za nyumba, orodha za majina, siku za kuleta malalamiko. Mambo hayo hutangazwa mitaani. Aliyehudhuria hujua siku. Asiyehudhuria husikia kwa jirani, tena siku ikiwa imekwisha pita. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Walisema kwa mithali, lakini katika bonde la mto ni habari ya nyumba na kitanda.

Lakini Msimbazi ni mto mkubwa. Mafuriko mengi ya mitaani kwetu hayatoki mtoni. Hutoka katika mtaro uliozibwa, au mtaro usiojengwa. Na hapa pana jambo la kalenda ambalo watu wengi hawalijui. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili mpaka Juni. Kabla ya hapo, katika miezi ya mwanzo wa mwaka, mabaraza ya madiwani yamekwisha pitisha rasimu zao. Na kabla ya hapo, kata na mitaa imekwisha kusema haja zake. Mvua ya masika hunyesha kuanzia Machi mpaka Mei. Kwa hiyo mkazi aamkaye Aprili, maji yakiwa magotini, akapaza sauti akitaka mtaro, apaza sauti wakati vitabu vya hesabu vimekwisha fungwa. Atapewa pole, na pengine magunia ya mchanga. Mtaro huombwa wakati wa vuli, kabla mwaka haujageuka, vumbi likiwa bado lipo barabarani. Kama hamtakumbuka neno jingine jioni hii, kumbukeni hilo.

Liko na jambo la mikopo. Sheria yaagiza halmashauri kutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, na mbili kwa watu wenye ulemavu, nayo ni mikopo isiyo na riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa ajili ya kasoro zilizoonekana katika kuitoa na kuirudisha, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa taratibu mpya. Mitaani kwetu wapo mafundi cherehani, wauza samaki na vijana wa useremala wanaostahili, lakini kikundi chao hakina katiba, hakina daftari la fedha, na fomu yawashinda. Mtu wa kalamu aweza kuwasaidia kwa jioni mbili. Kazi hiyo haina posho, walakini nyumba jirani na yako ikipata riziki hata usingizi wako huwa mtamu zaidi.

Najua udhuru utakaoletwa. Wa kwanza: "Mimi ni mtumishi wa Serikali, nimekatazwa siasa." Ni kweli kwamba mtumishi hapaswi kuingiza mambo ya chama cha siasa katika kazi yake, nasi na tuishike sheria hiyo. Lakini mkutano wa mtaa ni mkutano wa wakazi, umewekwa na sheria, na mtumishi ni mkazi kama mwingine. Kuuliza mtaro utachimbwa lini si kupigia mtu kampeni.

Udhuru wa pili: "Kwetu mikutano haiitishwi, na ikiitishwa hesabu hazisomwi." Pengine ndivyo ilivyo. Basi hapo ndipo kazi yetu ilipo. Andikeni barua kwa mwenyekiti wa mtaa kupitia kwa mtendaji, kwa adabu, mkitaja jambo na tarehe. Nakala ipelekwe kwa mtendaji wa kata. Isipojibiwa, iende kwa mkurugenzi wa halmashauri. Hakikisheni nakala yenu imepigwa mhuri wa kupokelewa. Maneno ya barazani husahauliwa, lakini barua yenye mhuri ni shahidi asiyechoka. Tena baraza la madiwani hukutana kila robo ya mwaka, na mwananchi aweza kuingia na kusikiliza. Diwani ajuaye kwamba watu wa kata yake wameketi nyuma husema kwa uangalifu zaidi.

Udhuru wa tatu hausemwi kwa sauti, nao ni kiburi. Baadhi yetu twaona haya kuketi juu ya benchi la mtaa pamoja na watu wasiosoma. Ndugu zangu, mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi wa Serikali Waafrika huko Tanga, walikuwa watu wachache waliojaliwa kusoma katikati ya wengi ambao hawakupata nafasi hiyo. Wakutanapo walisoma magazeti na kujifunza pamoja. Kama elimu ingekuwa ya kumtenga mtu na nduguze, isingalifaa kutafutwa kwa shida kiasi kile. Tena twendapo mtaani tusiende kama wakaguzi. Yule mama wa vitumbua ajua maji huingilia wapi na hutokea wapi kuliko mhandisi yeyote aliye na ramani. Yeye ana habari, sisi tuna kalamu. Vikikutana, ombi huwa na uzito.

Basi natoa shauri la mambo matatu kwa kila mwanachama. La kwanza, ajue jina la mtaa wake na la kata yake kama zilivyoandikwa ofisini, na awajue kwa sura mwenyekiti, mtendaji na diwani wake. La pili, ahudhurie mkutano wa mtaa kila unapoitishwa, akae mpaka mwisho, na aulize swali moja tu, lakini liwe la maana na lenye tarakimu. La tatu, ajitolee kumsaidia katibu kuandika muhtasari ulio safi: nani alihudhuria, nini kiliamuliwa, nani atatenda, na lini.

Mwisho, Bwana Mwenyekiti, nasoma kalenda ya mwaka, ili kila mtu aiandike nyuma ya mlango wake. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya usafi. Utaratibu huo ulianza mwaka 2016, nasi tutoke na majembe, tusitume watoto peke yao. Tarehe 8 Machi ni siku ya Wanawake, na ni wakati mzuri wa vikundi vyao kuuliza habari za mikopo. Mwenge wa Uhuru ukimbizwao kila mwaka hupita katika halmashauri zote na kukagua miradi. Tujue mapema ni miradi gani ya kwetu itakaguliwa. Tarehe 5 Juni ni siku ya Mazingira. Tarehe 16 Juni ni siku ya Mtoto wa Afrika, na Juni hiyo hiyo, kufikia tarehe 23, ni Wiki ya Utumishi wa Umma, ambayo ofisi husikiliza kero za watu; sisi tutakuwa wenye kusikiliza, basi tusikilize kama tupendavyo kusikilizwa. Tarehe 1 Julai ni mwanzo wa mwaka wa fedha: siku hiyo ulizeni mtaa wenu umepata nini katika bajeti. Tarehe 7 Julai ni Sabasaba, na maonyesho ya biashara yapo katika viwanja vya Barabara ya Kilwa. Na kuanzia Oktoba, mvua za vuli zikianza kubisha, ndio wakati wa kupeleka haja za mwaka ujao. Mikutano ya mtaa yenyewe haina tarehe moja kwa mji mzima. Tazameni ubao wa ofisi ya mtaa wenu kila juma.

Ubao huo ni mdogo, umepakwa rangi iliyofifia, na karatasi zake hupeperushwa na upepo. Lakini hakuna gazeti lolote liandikalo habari za nyumba yako kwa karibu kuliko ubao ule. Nawaomba mkipita mbele yake msipite upesi.